Yakini, Dhana na Mshiko wa Tairi

Katika fikihi ipo kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwa kanuni hiyo aliyetia udhu, kisha akashuku iwapo umetenguka, huhesabiwa kuwa bado anao. Kanuni hiyo hujengwa juu ya hali inayodumu mpaka ipatikane hoja ya kuibatilisha. Swali gumu zaidi huzuka pale kinachojulikana kinapogeuka bila kutoa ishara, na swali hilo hulikabili kila gari lenye mfumo wa kudhibiti uthabiti.

Mfumo huo, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1995, hupima kasi ya magurudumu, pembe ya usukani na namna gari linavyojizungusha, lakini msuguano wa tairi na barabara haupimwi moja kwa moja. Uwiano wa msuguano, yaani nguvu ya mshiko ikigawanywa kwa uzito ulioikalia tairi, hukadiriwa tu, nao huweza kushuka kutoka takriban 0.8 kwenye lami kavu hadi 0.1 kwenye barafu.

Ukadiriaji hutabiri, hulinganisha utabiri na kipimo kipya, kisha hujisahihisha, huku vipimo vya zamani vikipunguziwa uzito kwa kile wahandisi wanachokiita kigezo cha kusahau. Ukisahau upesi mno, hitilafu ndogo ya kihisi huchukuliwa kuwa habari. Ukichelewa, gari huingia kwenye maji likiwa bado na hukumu ya lami kavu. Tena, gari linaponyooka kwa mwendo uleule, tairi hutumia sehemu ndogo tu ya mshiko uliopo, hivyo safari tulivu haithibitishi kwamba barabara ni salama, bali huonyesha kwamba mshiko wake haujajaribiwa.

Mhandisi Rudolf Kálmán, katika mbinu ya ukadiriaji aliyoichapisha mwaka 1960, aliambatanisha kila kadirio na kiasi cha shaka yake, na shaka hiyo huongezeka kadiri muda unavyopita bila kipimo kipya. Mbinu hiyo haipingani na kanuni ya mafakihi, kwa kuwa zote mbili hukataa kuiacha hukumu pasipo ushahidi. Mbinu ya Kálmán huongeza tu kwamba ukimya wa ushahidi nao una gharama. Katika mambo yanayobadilika, basi, dhana iliyopima udhaifu wake ni elimu halali ya kutendea, na yakini isiyokubali kupimwa haistahili kuitwa yakini.