Sahani ya Diwali



Mama mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya Ibada, akiona haya kidogo. Kwa ruhusa yake naandika aliyoniuliza. "Padre, jirani yangu Mhindu ameniletea sahani ya ladu na jalebi za sikukuu yao. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Alipokwisha kwenda nikazitupa. Je, nimekosa?"

Kwanza yafaa tujue sikukuu hiyo ni nini, maana wengi wetu twaijua kwa mlio wa fataki tu. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, usiku ambao mwezi hauonekani. Katika giza hilo kila nyumba huwashwa taa ndogo za udongo zenye mafuta au samli, madirishani na kizingitini. Wazee huwasimulia watoto habari za Rama, aliyekaa uhamishoni miaka 14, akamshinda Ravana, akarudi kwao Ayodhya, watu wakamlaki kwa taa. Nyumba imekwisha kusafishwa, na mlangoni wanawake wamechora maua kwa unga wa rangi. Humwomba Lakshmi, ambaye kwao ndiye mleta neema, aingie. Wenye maduka wa asili ya Gujarati, nao ni wengi katika pwani yetu, huyaombea madaftari mapya ya hesabu, kwa kuwa mwaka wao mpya hufuata. Hapo watu hutembeleana, husameheana, na kupelekeana vitamu.

Wakorintho walimwuliza Mtume Paulo swali la namna hii. Katika waraka wake wa kwanza kwao, sura ya 8 na ya 10, hakuwajibu kwa neno moja. Kushiriki ibada ya sanamu, hapana. Hatuwezi kuwa na meza mbili. Bali cha sokoni nunua ule, na ukialikwa na asiyeamini, kula ulichowekewa bila kuuliza-uliza. Ila ukiambiwa kwamba kimetolewa sadaka, acha.

Na Wahindu wenyewe hutofautisha. Chakula kilichowekwa mbele ya mungu wao huitwa prasadi. Vitamu vingi vya jirani vimetoka jikoni tu. Akikuambia ni prasadi, mwambie pale pale mlangoni, kwa upole, kwamba imani yako haikuruhusu. Naye ana imani, nadhani atakuelewa.

Basi nilimjibu mama yule kwamba angaliweza kula, na angaliweza kukataa. Kilichonisumbua mimi ni ile shukrani. Kinywa kilisema asante, mkono ukatupa. Twapenda kusema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hiyo yatuhukumu sisi kuliko yeye: mwaka mzima twanunua unga na sukari dukani kwake wala dhamiri haitusumbui, kisha sahani anayotupa bure ndiyo yatutia hofu!

Akauliza tena: sahani ile airudishe na nini wakati wa Krismasi, kwani sahani hairudi tupu? Nikamkumbusha kwamba Wahindu wengi hawali nyama, na wengine hata mayai. Akashtuka. Kila Krismasi alikuwa akimpelekea pilau ya mbuzi, na jirani akipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Tulitazamana, kisha akacheka mwenyewe. Mwaka huu atapeleka vitumbua.