Aliyekufa Hajui?

Mwezi uliopita, katika makaburi ya Ohlsdorf jijini Hamburg, mwongoza watalii mmoja alimwacha kijana akae juu ya jiwe la kaburi ili apigwe picha. Nilipomwomba amwinue alinijibu, "Mwenyewe amekufa, hajui." Kundi zima likacheka. Hasira ile haijanitoka, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nauliza hivi: maiti anaweza kudhulumiwa? Dhuluma naichukua kwa maana ya kila siku, yaani kumnyima mtu haki yake.

Zipo hoja za upande wa pili, wa wanaotetea utalii wa makaburini, ninazoziheshimu. Makaburi ya Highgate kule London, alikozikwa Karl Marx, hutunzwa kwa viingilio vya wageni, na apitaye kati ya makaburi ya kale hujifunza historia. Hayo nayakubali.

Hili la "hajui" ndilo linalonikera. Wanaolitumia hujiona wamemfuata mwanafalsafa Epikuro, aliyefundisha kwamba kifo kinapofika sisi hatupo tena, kwa hiyo hakitudhuru. Lakini Epikuro alikuwa akiwaliwaza wenye hofu; hakuwa akiwaruhusu watu kuwadharau wafu. Yeye mwenyewe aliacha wosia, akaagiza sadaka zitolewe kwa ajili ya wazazi na ndugu zake waliotangulia, na siku yake ya kuzaliwa iadhimishwe kila mwaka. Kama mfu hana lake, wosia ule ulikuwa wa nini?

Tena, kama kutojua kunafuta kosa, basi msengenyaji hana hatia maadamu msengenywaji hajasikia, na mlezi anayekula mali ya yatima mchanga hajamkosea kitu. Kwa kanuni hiyo, kosa si kuiba bali ni kufumaniwa. Nitaambiwa kwamba aliye hai huenda siku moja akajua, ila mfu hatajua kamwe. Basi mchukue mtu aliyesalitiwa na rafiki yake miaka mingi, akafa bila kujua. Je, hakusalitiwa? Alisalitiwa, tena siku ileile tendo lilipotendeka. Dhuluma imo katika tendo lenyewe, na habari zake huja baadaye, au haziji kabisa.

Hata hivyo bado sijafika mwisho. Aliyesalitiwa alikuwapo siku ya tendo, mfu hayupo. Labda anayekosewa ni yule aliyeishi, aliyetamani kulala kwa staha. Lakini matakwa yasiyo na mwenyewe hukaa wapi? Hapo ndipo ninapokwama.

Mimi Ohlsdorf nilikwenda kwa ajili ya Sayyida Salme, aliyezikwa huko. Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 baada ya kugongwa na tramu, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Yeye alifariki mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mchanga wa Zanzibar. Mwaka 2019 mji ule uliupa uwanja mmoja jina lake, kisha ukaliondoa kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu utumwa. Waliompa jina na waliomnyang'anya, wote walibishana kana kwamba wafu wanadai kitu. Na watumwa waliochuma karafuu katika mashamba ya baba yake? Wengi wao hawana hata jiwe la kukaliwa.

Huko Hamburg, tena, nafasi ya kaburi hutolewa kwa miaka 25. Jamaa wasipolipia zaidi, huweza kupewa mwingine, ilhali wenye majina makubwa huhifadhiwa. Kama haki ya mfu ipo, yawezaje kuisha kama kodi ya nyumba? Na kama haiishi, walio hai watazikwa wapi? Sina jibu la hayo.

Ila "hajui" si jibu. Wewe msomaji, uliyewahi kutekeleza wosia wa mzazi wako hata pale ulipokugharimu na hakuna aliyekuwa akikutazama, jiulize ulikuwa ukimlipa nani.