Kitanda Usichokilalia



Mama mmoja ametuandikia kwa uchungu. Ameolewa miaka kumi na minne, ana watoto wanne, na anauza mboga sokoni. Zamu yake ya kupokea fedha katika chama cha akina mama ilipokaribia, alimwambia mumewe kwamba angependa kununua mashine ya kusafishia nyumba kwa mvuke. Mumewe alicheka. Alisema hiyo ni anasa ya matajiri, kwamba mama yake mzazi alilea watoto tisa kwa ndoo na kitambaa, na kwamba ni afadhali fedha hizo zilipe karo. Tangu siku hiyo hawaongei vizuri. Mama huyu anauliza: je, ni dhambi kutamani kitu kama hicho? Na kati yetu wawili, nani mwenye haki?

Ndugu msomaji, usiseme kwamba swali hili ni dogo. Ndoa nyingi huanza kupoa kwa mambo kama haya, ambayo kila mmoja anaona haya kumpelekea padre au wazee.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Ni chombo chenye tangi dogo la maji, na ndani yake mna chuma cha kuchemshia kama kile cha birika la stima. Maji yakichemka, mvuke hutoka kwa nguvu kupitia mpira na brashi. Faida zake ni za kweli. Mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda jikoni na uchafu ulioshika katikati ya vigae vya bafu, bila dawa zile kali zinazokaba koo. Hata kunguni wa godoroni hufa pamoja na mayai yao, mradi mvuke upitishwe polepole kwenye mishono, maana humuua yule tu anayefikiwa na joto. Kisha godoro lazima likaushwe vizuri.

Lakini mashine hii ina mipaka yake. Haifagii, ni lazima ufagie kwanza, na baada ya mvuke upanguse kwa kitambaa. Haifai kwa sakafu ya udongo, wala kwa mbao zisizopakwa vanishi, wala kwa sakafu ya simiti iliyosuguliwa kwa nta, kwa sababu joto huiondoa nta hiyo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha chokaa ndani ya tangi na kuziba njia. Tena mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto, kwa kuwa unapogusa ngozi hugeuka maji na kuachilia joto lote lililoufanya uwe mvuke. Kwa hiyo asiachiwe mtoto, wala msichana wa kazi ambaye hajaelekezwa. Kuhusu stima, nyingi hutumia kama wati 1,500, maana yake dakika 40 za kazi humaliza uniti moja ya tokeni. Huo si mzigo mkubwa. Mzigo ni bei ya dukani, na fundi siku itakapoharibika.

Sasa tupime. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Angalieni neno hilo: huketi. Mume wa mama huyu hakuketi. Alicheka, naye anayecheka hajahesabu bado.

Hata hivyo, tusimwonee. Kuna jambo ambalo amesema kweli. Karo ya watoto na chakula hutangulia mashine yoyote. Nyumba inayokopa kwa simu ili inunue chombo cha kupumzisha mgongo, itapumzisha mgongo na kuutesa moyo kila mwisho wa mwezi. Kama fedha za chama ndizo zilizotegemewa kwa karo, basi mashine ingoje, na mke akubali bila kununa.

Lakini katika hesabu yake umekosekana mstari mmoja. Upande wa kwanza ameandika bei ya mashine. Upande wa pili ameandika sufuri. Kazi ya mkewe, ambayo huanza kabla ya jua na kuendelea baada ya sahani za usiku kuoshwa, haina risiti, na kwa sababu haina risiti anadhani haina gharama. Ukiweka bei yoyote mbele ya sufuri, bei hiyo itaonekana hasara. Kanisa halihesabu hivyo. Katika barua yake Laborem Exercens ya 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II aliwataja wanawake wanaobeba kila siku mzigo wa nyumba na malezi, pengine bila kutambuliwa na jamii wala na watu wa nyumbani mwao wenyewe. Aliitaja kazi hiyo pamoja na kazi ya mchimba madini na ya mkulima, maana ni kazi kweli.

Na yule mama mkwe aliyelea watoto tisa kwa ndoo? Ni kweli aliwalea, na Mungu amlipe. Lakini je, mwanawe amewahi kumwuliza magoti yake yalimuumaje? Tena hakuwa peke yake. Wakubwa waliteka maji, wasichana walifagia, shangazi na majirani walisaidia. Leo watoto wako shuleni mchana kutwa au wako bweni, na shangazi yuko mbali. Ndoo ni ile ile, lakini mikono imebaki miwili.

Waume wapendwa, tujichunguze. Mara nyingi chombo kinachopunguza jasho la baba huitwa maendeleo, na kinachopunguza jasho la mama huitwa anasa. Ni nani aliyeitisha kikao cha familia kabla ya kununua ile televisheni kubwa ya kutazamia mpira? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata sakafu usiyoipiga deki hujui uzito wake.

Nanyi akina mama, tuongee pia. Jiulizeni kama kinachotamaniwa ni mashine, au ni jirani aliyekuwa nayo. Mwanahistoria Mmarekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika kitabu mwaka 1983 akionyesha kwamba mashine za nyumbani kule Marekani hazikumpunguzia mama saa za kazi kama zilivyoahidi. Kiwango cha usafi kilipanda. Tena baadhi ya kazi zilizokuwa za baba na watoto zilikwisha, na zilizobaki zikamwangukia mama peke yake, kwa kuwa sasa “ana mashine”. Hatari hii iko hata kwetu. Mume anaweza kununua mashine leo ili kesho asiulizwe chochote tena. Na mke anaweza kuipata, akaisukuma sebuleni peke yake, na bado akalia jikoni, kwa sababu alichotaka tangu mwanzo ni mtu wa kuiona kazi yake. Kitu hicho hakiuzwi dukani.

Kwa hiyo mama mpendwa, jibu letu ni hili. Kutamani nafuu si dhambi. Magoti yako ni zawadi ya Mungu kama magoti ya mumeo. Lakini usiinunue kwa siri, hata kama fedha ni za chama chako. Chombo kilichofichwa chini ya kitanda hukaa katikati ya watu wawili kila usiku.

Nawe baba, kabla ya kusema ndiyo au la, fanya jambo moja. Kwa Jumamosi nne mfululizo, chukua ndoo na kitambaa, upige deki nyumba nzima, usugue bafu, upanguse jiko. Usifanye kwa mzaha, wala usimwite mtu akupige picha. Usione haya. Usiku ule wa mwisho Bwana wetu alijifunga kitambaa, akamimina maji katika beseni, akapiga magoti mbele ya miguu ya wavuvi. Hakuna mume aliye mkubwa kuliko yeye.

Baada ya Jumamosi hizo nne, ketini. Ikiwa mmegundua kwamba kazi ikigawanywa ni nyepesi, wekeni fedha katika karo, na endeleeni kuigawana. Ikiwa mmegundua kwamba hata mkiwa wawili bado inawachosha, na nyumba yenu ni ya vigae au simiti isiyo na nta, na karo imelipwa, basi inunueni bila kuona haya. Hiyo si anasa. Lakini iwe ya nyumba, isiwe “mashine ya mama”, na baba naye ajue kujaza tangi lake. Ikiwezekana, kwanza iazimeni kwa mtu wa jumuiya yenu ndogo ndogo, mwijaribu siku moja.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, ulizaneni maswali haya matatu. Ni kazi gani unayoifanya kila siku ambayo sijawahi kukushukuru kwa ajili yake? Ni lini mara ya mwisho tuliketi kuhesabu pamoja, bila mmoja kucheka? Na ni kazi gani ninayoweza kuanza kuifanya kesho asubuhi, tununue mashine au tusinunue?

Sikilizaneni kwa upole, kisha salini pamoja Baba Yetu kabla ya kulala. Mungu abariki kazi ya mikono yenu, mikono ya wote wawili.