Picha ya Ubongo na Swali la Nani

Skizofrenia huwashika wengi kabla ya kufikisha miaka 35, umri ambao kijana anatazamiwa kuanza kubeba familia yake. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoitikisa, na taratibu hujitenga na watu. Kwa vizazi vingi hakuna aliyeweza kuutazama ubongo wa mgonjwa huyo akiwa hai. Mwaka 1976 Eve Johnstone, Timothy Crow na wenzao wa Northwick Park, London, waliwapiga picha za CT wagonjwa 17 waliougua kwa miaka mingi, wakakuta kwamba vyumba vya majimaji vilivyo katikati ya ubongo vimepanuka kuliko vya watu wenye afya. Nchini Marekani Nancy Andreasen, aliyekuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza kabla ya kusomea udaktari, alitoa mwaka 1984 kitabu The Broken Brain, akitetea kwamba magonjwa makali ya akili ni magonjwa ya ubongo kama kiharusi kilivyo, wala si matokeo ya malezi mabaya au udhaifu wa tabia. Baadaye timu yake ilitumia mashine ya MRI kufuatilia ubongo wa wagonjwa kwa miaka mingi.

Utetezi huo ulikuwa na huruma ndani yake, kwa sababu uliwatua akina mama mzigo wa kuambiwa kwamba ndio waliowaharibu watoto wao. Lakini picha zenyewe zina mipaka. Tofauti inayoonekana ni ya wastani wa kundi: wagonjwa wengi wana ubongo usiotofautika na wa watu wazima wa afya, na wenye afya wengine wana vyumba vipana. Hakuna daktari awezaye kuitazama picha moja akasema huyu ana skizofrenia. Mwaka 2011 timu hiyohiyo ya Andreasen, ikiwa imewafuatilia wagonjwa 211, ilieleza kwamba waliotumia dawa nyingi zaidi ndio ambao ubongo wao ulipungua zaidi, kwa hiyo si kila badiliko linaloonekana ni kazi ya ugonjwa. Huko Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania inayowapokea wagonjwa kutoka Shinyanga na Geita, picha ya kichwa ina faida nyingine: kuonyesha uvimbe, damu iliyovia baada ya ajali, au mabuu ya tegu wa nguruwe. Utafiti wa picha za CT uliofanywa Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2009 na Andrea Winkler na wenzake, uliwakuta baadhi ya wagonjwa wa kifafa wakiwa na mabuu hayo ubongoni.

Usukumani na katika machimbo ya Geita, kijana anapochanganyikiwa, swali la familia mara nyingi halihusu kiungo kilichoharibika. Huulizwa ni nani aliyefanya hivi. Mchimbaji aliyeanza kuzungumza peke yake husemwa kuwa alichukua ndagu, dawa ya utajiri yenye masharti, kisha akavunja sharti. Au kwamba jirani amemwonea kijicho. Au kwamba mizimu ya ukoo imesahauliwa. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jinsi mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria asivyoridhika kuambiwa habari za mbu, kwani anataka kujua kwa nini mbu yule alimwuma mwanawe na si wa mwingine. Si kweli basi kwamba anayetaja uchawi hajui habari za mwili. Mwaka 1966 Robert Edgerton alichapisha uchunguzi wake juu ya wazimu katika jamii nne za Afrika Mashariki: Wahehe na Wakamba waliutaja sana uchawi, huku Wapokot na Wasebei wakitaja mnyoo ndani ya ubongo. Kuuweka wazimu kichwani, kumbe, hakukuja na mashine.

Sayansi yenyewe imewahi kufika mlangoni pa swali la mama wa Mbiti. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, wakiwemo Daniel Weinberger na Fuller Torrey, walilinganisha jozi 15 za mapacha wa kufanana kabisa ambao mmoja ana skizofrenia na mwenzake hana. Karibu katika kila jozi, vyumba vya ubongo vya mgonjwa vilikuwa vikubwa kuliko vya pacha wake. Urithi wa damu ni uleule, tumbo lililowabeba ni lilelile, na bado mmoja alipatwa na mwingine akabaki. Picha ilionyesha tofauti. Haikusema kwa nini ikawa huyu. Katika hatua hiyo mtafiti hutaja jeraha dogo wakati wa kuzaliwa, maambukizi, au bahati, na bahati ni neno ambalo aliyeumia hulipokea kwa shida kubwa.

Ndipo tofauti kati ya majibu inapoonekana, nayo ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Mkristo au Mwislamu anayesema ni mapenzi ya Mungu, au ni mtihani, anajibu swali la "kwa nini huyu" bila kumweka mtu kizimbani. Mpiga ramli chonganishi, kama polisi na magazeti ya Kanda ya Ziwa wanavyomwita, analijibu kwa jina la mtu, na Shinyanga jina hilo kwa miaka mingi limekuwa la bibi kizee mwenye macho mekundu. Wekundu huo una historia inayofahamika. Miti ilifyekwa, kwa sehemu wakati wa ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, kuni zikaadimika, wanawake wakapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, na moshi ukawaunguza macho hadi uzeeni. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 umerudisha miti mingi kupitia ngitili, yaani malisho yanayotengwa, ila vikongwe waliokwisha kukatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi hawarudi. Sheria ya Uchawi, iliyoanza kama amri ya mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wasiosajiliwa baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Jibu linalodai shingo ya mwanamke mzee ni baya hata kabla ya kuulizwa kama ni la kweli.

Hata hivyo jibu la ubongo nalo limewahi kudhulumu, tena hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1934, Nairobi, F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliokufa akadai kuwa ni duni kuliko za Wazungu. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, aliandika kwamba Mwafrika mzima wa afya hufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake mwaka 1953. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961, na dai hilo halina mtetezi wa maana leo. Ni sababu ya kutosha ya kuichunga picha isigeuzwe kuwa hukumu juu ya watu.

Swali la nani, kwa upande mwingine, halistahili kutupwa lote. Rwamagasa, Nyarugusu na kwingineko Geita, wachimbaji wadogo hupitisha mchanga wa karasha kwenye zebaki, kisha huchoma donge ili dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki huvutwa puani, hupita mapafuni na kuingia ubongoni. Huleta kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla, haya isiyo ya kawaida na usahaulifu. Hii si skizofrenia, ingawa jirani huweza kuiita wazimu uleule. Kazi ya kupima watu wa Rwamagasa, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa miaka ya 2000, ilikuta zebaki mwilini mwa wachomaji na dalili zake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Hapa swali la nani lina majibu ya haki: anayeuza zebaki, anayenunua dhahabu bila kuuliza, na anayepaswa kukagua.

Linabaki suala la wajibu, ambalo dini na sheria zililishughulikia zamani kabla ya mashine. Katika Uislamu mwendawazimu haandikiwi dhambi hadi akili imrudie, sawa na mtoto na aliyelala. Kanisa Katoliki hudai ufahamu na ridhaa kamili kabla ya kuita tendo dhambi ya mauti. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humwondolea hatia ya jinai mtu ambaye, kwa ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa alichokuwa akitenda au kujua kwamba hakipaswi kutendwa, na mtu huyo huweza kupelekwa Isanga, taasisi ya Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kifungu hicho huuliza mtu alielewa nini saa ile. Vyumba vya ubongo vilivyopanuka havisemi hilo. Husema daktari aliyemhoji, na ndugu na majirani waliomwona siku na miezi ya kabla yake.