Nani Atakuwamo Katika Dunia Ijayo?



Vijana wengi wa vijiji vyetu vya Isangi, hata pale ambapo umeme haujafika, wamekwisha kuona sinema katika simu au katika nyumba za video. Baadhi ya sinema hizo husimulia mambo ambayo hayajatukia: watu waishio miaka mingi baada yetu, vyombo visafirivyo kati ya nyota, miji iliyojengwa mbali na dunia hii. Liko swali moja juu ya sinema hizo ambalo Mkristo yampasa alifikiri. Wenye kuzitengeneza humchagua nani awe mtu wa dunia hiyo ijayo? Je, watu wa kila rangi wamo, au ni weupe peke yao?

Mtu atasema: “Huo ni mchezo tu, hauna dhambi wala thawabu.” Tuchunguze kwanza kabla ya kukubali.

Mwaka 1958 mwongozi Fred Zinnemann alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kupiga picha za sinema iitwayo The Nun's Story, yaani habari za sista mmoja Mbelgiji, muuguzi katika Kongo. Wakongo wawili wenye majina katika hadithi hiyo, Kalulu na Illunga, hawakuigizwa na Wakongo. Waliigizwa na Orlando Martins wa Nigeria na Errol John wa Trinidad. Hadithi ni ya sista, na watu wetu wamesimama kandokando yake. Mwenye sinema angeweza kujitetea akisema: “Nimesimulia mambo ya siku zile jinsi yalivyokuwa.” Utetezi huo, uwe na nguvu au usiwe nayo, haufai kitu kwa habari ya wakati ujao. Wakati ujao hakuna aliyeuona. Asiyekuwamo katika picha yake ameachwa kwa hiari ya mchaguzi. Kwa hiyo picha hiyo ni kama ungamo: yadhihirisha ni nani ambaye mchaguzi amemhesabu kuwa mtu.

Kwa miaka mingi dunia ijayo ya sinema ilikuwa karibu yote ya watu weupe. Mwaka 1966, katika televisheni ya Marekani, ilianza hadithi iitwayo Star Trek. Ndani ya chombo chake cha nyota alikuwamo mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, naye hakuwa mpishi wala mfuaji, bali afisa wa mawasiliano. Jina alilopewa ni Uhura, lililotokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Baadaye alipotaka kuacha kazi hiyo, mchungaji Martin Luther King alimsihi abaki, maana wakati huo watu weusi wa Marekani walikuwa wakidai haki zao, na kuonekana kwake hivyo kulikuwa na maana kubwa. Katika mji wa Chicago mtoto mmoja, Mae Jemison, aliitazama hadithi hiyo. Alikua, akawa daktari, na mwezi wa Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kusafiri katika anga za juu. Sinema haikumpa akili. Akili alipewa na Mungu. Lakini ilimwonyesha mlango. Basi tusiseme tena kwamba mchezo ni mchezo tu. Mbegu nayo ni ndogo.

Hata hivyo, kuwamo peke yake hakutoshi. Mwaka 1983, katika sinema ya vita vya nyota iitwayo Return of the Jedi, alionekana kiumbe mmoja rubani, Nien Nunb, akisema Kikuyu na Kikalenjini, lugha za Kenya. Sauti ilikuwa ya Mkenya, Kipsang Rotich. Uso ulikuwa wa kiumbe asiye mtu. Mwaka 2015, katika mfululizo huohuo, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, aliigiza kiumbe Maz Kanata, na uso wake haukuonekana. Sisemi kwamba waliofanya hivyo walikuwa na chuki. Nasema kwamba ni jambo moja kuazima sauti ya mtu, na ni jambo jingine kumpokea yeye mzima. Mwaka 2018, katika Black Panther, Lupita alionekana kwa uso wake, katika hadithi ya nchi ya Kiafrika ambayo wageni hawakuitawala.

Eklezia yafundisha nini? Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, wala hakitaji rangi yoyote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1963 kwamba watengenezaji wa sinema, pamoja na watazamaji, wote wamefungwa na sheria ya maadili. Mwaka 1965 ukafundisha kwamba kumbagua mtu kwa ajili ya rangi yake ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mtakatifu Matayo hatuambii rangi ya Majusi. Lakini tangu karne ya 15 wachoraji Wakristo wa Ulaya walizoea kumchora mmoja wao kuwa mtu mweusi, kwani waliamini kwamba wokovu ni wa mataifa yote. Na Mtakatifu Yohane alionyeshwa dunia ijayo iliyo ya kweli: katika sura ya 7 ya Ufunuo asimulia umati usiohesabika, wa kila taifa, kila kabila na kila lugha, mbele ya kiti cha enzi na mbele ya Mwanakondoo. Hakuna aliyeachwa nje kwa sababu ya ngozi yake.

Lakini tujihadhari na kosa la pili. Heshima yako haitoki katika sinema. Kama hakuna mtu wa sura yako katika picha yoyote, wewe ungali mfano wa Mungu, na kwa ubatizo utakuwa mwana wake. Twadai haki kwa sababu heshima tunayo tayari, si ili tuipate.

Tena, tusiwahukumu wageni wa mbali na kujisahau. Mwaka 2023 Wambole na Walengola, jirani zetu katika Tshopo, waliuana kwa ugomvi wa ardhi, na wengi wakakimbilia Kisangani. Hao wote walikuwa na ngozi moja. Sisi nasi huchagua waigizaji. Wakati wa Noeli, nani apewa kuwa Maria, na nani awekwa kuwa askari wa Herode? Je, twachagua kwa kipaji, au kwa ukoo? Mtoto wa mkimbizi amepewa neno la kusema? Atakayemtoa mwenzake katika mchezo wa Noeli kwa ajili ya kabila lake, atampokeaje katika karamu ya mbinguni?

Basi jiulizeni, kila mmoja nyumbani mwake:

1. Nionapo sinema, nani ametukuzwa ndani yake, na nani amedharauliwa?
2. Ni nani kijijini petu ambaye hatumpi nafasi kamwe?
3. Nifanye nini juma hili ili nafasi hiyo aipate?