Mpira Ulioachwa Upite

Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, tukiishi Columbus, Ohio, alijiunga na timu ya besiboli ya mtaani kwetu. Siku moja aliuacha mpira wa mwisho upite bila kuinua gongo. Mwamuzi akamtoa, timu yake ikashindwa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimkemea: "Bora ungepiga ukakosa! Umesimama kama mlingoti!" Hakunijibu. Tangu siku ile akawa anapiga kila mpira, wa juu, wa chini, hata wa kando kabisa, na karibu yote aliikosa. Nilidhani nimemtia ujasiri, kumbe nimemtia hofu.

Mwalimu wake ndiye aliyenifumbua macho. Katika ligi kubwa za Marekani mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji, na mpira wa maili 90 kwa saa hufika kwa muda wa sekunde 0.4 hivi. Kwa hiyo mwili sharti uwe umekwisha kufunzwa: magoti yalegee kidogo, kichwa kitulie, uzito ukae mguu wa nyuma, kisha nyonga zitangulie kuzunguka na mikono ifuate. Lakini yote hayo ni bure kwa asiyejua kuchagua. Ted Williams wa Boston Red Sox aliligawa eneo la mpira halali katika nafasi 77 zenye ukubwa wa mpira, akaonyesha ni zipi alizozimudu na zipi zilizomshinda. Mwaka 1941 alimaliza msimu kwa wastani wa .406. Yaani hata katika mwaka huo wa sifa, alishindwa karibu mara 6 katika kila mapigo 10 yaliyohesabiwa.

Basi nikajiuliza: je, tumhukumu mtu kwa matokeo, au kwa namna alivyoamua? Utaniambia kwamba mwoga naye huweza kujificha nyuma ya subira. Ni kweli. Aliyepima akauacha mpira, na aliyeganda kwa hofu, wote wawili huonekana wamesimama tu. Ndiyo maana anayetazama kutoka kwenye viti hana budi kuuliza kabla ya kulaumu. Mimi sikuuliza.

Jioni moja nikamwuliza, "Mwanangu, mpira ule uliuonaje?"

Akasema, "Niliuona uko nje kidogo, Baba."

Kumbe alikuwa amepima, akakosea kwa upana wa kidole! Nilimwomba radhi. Haikuwa rahisi, kwani sisi tuliolelewa kwa fimbo hatukuzoea kuwaomba watoto radhi.

Hakugeuka bingwa. Aliendelea kukosa mara nyingi kuliko alivyopata, lakini alirudia kuutazama mpira kabla ya kuinua gongo. Nami, kila ninapotaka kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hakulitenda, hujitahidi kwanza kumwuliza aliliona vipi.