PICHA ZA MOYO NA MAONO YA MUNGU

Masomo: Yeremia 23:16-32; Matendo 12:6-11; 1 Yohana 4:1



Fumba macho, umuwaze mama yako akitwanga sombe. Wengi wenu mumekwisha kumuona: kinu, muchi, kitambaa cha kichwa. Kinu hakiko hapa, lakini moyo umekileta. Nguvu hiyo tumeumbwa nayo. Ni ya kila siku, ya mwamini na ya asiyeamini. Kuwa nayo siyo kuwa nabii.

1. Si wote wanaona sawasawa
Mwaka 1880, Mwingereza Francis Galton alitangaza majibu ya watu aliowaomba wawaze meza yao ya chakula cha asubuhi. Wengine waliiona wazi kama kwa macho. Wengine hawakuona kitu. Mwaka 2015, daktari Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo ya kutoona picha jina la afantasia. Siyo wazimu. Watu hao wanafikiri vizuri, na mama yao wanamjua bila kuona sura yake moyoni.

Basi, ndugu anayefumba macho usiku kucha katika maombi na kuona giza tu, asiambiwe kwamba Roho amemuacha. Roho anajulikana kwa matunda, Wagalatia 5:22, na katika matunda yale hakuna picha.

2. Uwazi wa picha siyo ushuhuda
Mwaka 1910, huko Marekani, Bibi Cheves Perky aliwaambia watu watazame kioo na kuwaza ndizi au tomati. Kwa siri, mwanga hafifu ulitupa picha ya kitu hicho juu ya kioo. Watu waliiona, lakini walidhani ni mawazo yao wenyewe! Petro naye, malaika alipomtoa gerezani, alidhani ni maono, kumbe ni kweli.

Na kinyume kinatokea pia: manabii wa siku za Yeremia walitangaza yaliyotoka moyoni mwao, wakayaita ya Bwana. Wataalamu wa ubongo wameonyesha kwamba sehemu fulani za ubongo zinazotumika tunapoona kwa macho, zinatumika pia tunapowaza picha. Basi usiseme, «Niliona wazi sana, kwa hiyo ni Mungu.»

3. Hatari iko wapi
Nyumbani kuna ugonjwa, kazi imekwisha, hasira imejaa. Mtu anafumba macho, sura ya mtoto yatima anayelelewa pale inakuja. Nani ameileta? Mara nyingi ni hasira yenyewe. Lakini anasimama katikati ya kanisa: «Bwana amenionyesha mchawi!» Usiku huo mtoto analala sokoni. Je, nani atajibu mbele za Mungu kwa ajili ya mtoto yule?

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inaadhibu anayemshitaki mtoto uchawi. Lakini zamani sana kabla ya sheria hiyo, Yesu alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi na kumkumbatia, Marko 9:36. Yeye alimuweka katikati. Sisi tutamtupa inje?

4. Tufanye nini
Hatudharau maono. Yusufu alionywa katika ndoto, na mtoto Yesu akaokoka. Lakini Samweli, aliyeitwa kweli, alikwenda kwa Eli mara tatu kabla ya kujua nani anamuita. Na Paulo anaagiza manabii wanene na wengine wapime, 1 Wakorinto 14:29. Kwa hiyo, wewe uliyeona:

– Nyamaza kwanza. Neno la Mungu haliozi kwa kungoja siku tatu.
– Jiulize: kabla ya kufumba macho, moyo ulikuwa na nini? Hofu? Chuki? Njaa ya mfungo?
– Peleka ulichoona kwa wazee, siyo kwa majirani.
– Jina la mtu lisitajwe mbele ya kusanyiko.
– Tazama matunda: maono yanaponya nyumba, au yanaivunja?

Nawe usiyeona kitu, omba bila haya. Mungu anakuona wewe.

Bwana atupe macho safi na kinywa chenye kiasi. Amina.